Safari ya Kilwa kwa ajili ya vyoo vya masomo

Wamama wapenzi, tumekwisha kurudi kutoka Kilwa, sote wanne, salama, na vumbi la barabara lingali ndani ya vitambaa vyetu. Wengi mmetupigia simu mkiuliza: mmeona nini, na kazi itaanza lini? Tutasema yote hapa, hata yale yasiyopendeza, kwa sababu franka za likelemba ni zenu na mnapashwa kujua zinakwenda wapi.

Kwanza, Kilwa gani? Watoto wetu wanaosoma historia wanafikiri mara moja Kilwa ya Tanzania, ile ya magofu na masultani wa pwani. Kilwa tuliyokwenda ni ya Haut-Katanga, ndani ya teritware ya Pweto, kando ya ziwa Moero, kilomita kama 350 kutoka Lubumbashi. Unafuata barabara ya Kasenga mpaka Kasomeno, kisha unaacha njia ya Kasenga mkono wa kuume na kupanda kaskazini. Upande wa kushoto milima ya Kundelungu inakusindikiza muda mrefu. Baada ya Kasomeno ni udongo, mashimo na vumbi, na wakati wa mvua kuna malori yanayolala njiani siku nyingi. Sisi tulichagua mwezi wa tano, mvua ikiwa imekwisha. Mtakayoyasoma mbele yataonyesha kwamba mwezi huo ulikuwa mzuri kwa sababu nyingine pia.

Halafu, baada ya vilima vya mwisho, unaona maji. Ziwa Moero lina urefu wa kilomita kama 118, na ng'ambo ni Zambia. Mto Luapula unaingia kusini, Luvua inatoka kaskazini pale Pweto na kwenda kutafuta Lualaba. Mbele ya mji kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa vilevile, lakini kisiwa hicho ni cha Zambia ingawa kiko karibu na sisi kuliko na wao. Ukisimama ufukoni asubuhi unakuta wamama wamekwisha kupanga chisense juu ya mchanga na juu ya vyandarua vya zamani, wadogo kama misumari, wanang'aa. Wavuvi wanawavua usiku kwa taa. Pale, yule samaki mpana, anauzwa mbali zaidi, na bei yake inapanda kila anapokaribia Lubumbashi. Tulikula bukari na chisense siku tatu mfululizo na hakuna aliyenung'unika.

Watu wengi wa mbali wamesikia jina la Kilwa kwa jambo moja tu, lile la Oktoba 2004, wakati waasi wachache walipoingia mjini na jeshi likaja kuutwaa tena, na raia zaidi ya 70 wakauawa. Kesi ilipita Lubumbashi, halafu mwaka 2017 Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu ikasema serikali iwalipe jamaa za waliofiwa. Hatukwenda kwa ajili ya hilo wala hatukuuliza mtu. Lakini tunaliandika kwa sababu linaeleza jinsi watu wa pale wanavyomtazama mgeni mwenye daftari. Wamehesabiwa mara nyingi, wamepigwa picha mara nyingi. Mama mmoja mzee alipotuona tunapima ukuta kwa mita alituuliza kwa upole, “Wanangu, na ninyi mtaandika tu?” Mama yule hakuwa na neno la kutukaribisha zaidi ya hilo, na tulimwelewa.

Sasa, vyoo.

Shule tuliyoiendea hatutaitaja jina, kwa sababu walimu wake ni watu wa bidii na hatutaki waaibike kwa jambo ambalo liko katika shule nyingi za nchi yetu, hata hapa Lubumbashi, hata nyuma ya kuta zilizopakwa rangi nzuri. Ina vyumba vya matofali ya kuchoma, manjanja juu, mwembe mkubwa katikati ya uwanja. Nyuma ya darasa la sita kuna choo cha zamani: mashimo manne, mawili yamebomoka ukingo, milango imekwenda kuwa kuni au milango ya nyumba ya mtu. Wavulana wanaingia, wanafumba pua. Wasichana wakubwa hawaingii. Wanakwenda kwenye mihogo ya jirani, au wanarudi nyumbani wakati wa mapumziko, na wengine wakirudi nyumbani hawaji tena siku ile. Walimu wanawake wana makubaliano na mama jirani ambaye anawaachia choo chake. Choo cha jirani ndicho kinachoendesha shule, yaani.

Mita 20 kutoka pale kuna choo kingine, kizuri kwa macho, cha simenti, milango ya chuma, maneno ya usafi yameandikwa ukutani kwa rangi ya buluu. Kimefungwa kwa kufuli. Tulidhani ufunguo umepotea. Direkta alitufungulia mwenyewe, na tukaona: shimo limejaa maji mpaka karibu na sakafu. Halikujaa uchafu, limejaa maji ya ardhini. Waliolichimba walikuja mwezi wa kwanza, wakachimba, wakakuta pakavu, wakafurahi, wakajenga, wakapiga picha, wakaondoka. Mwezi wa tano maji yalipanda ndani.

Hapo ndipo tuliposoma somo la ziwa, na aliyetufundisha ni muuza samaki. Mama huyo alituambia kwamba Moero halijai wakati mvua inaponyesha. Mvua ya mbali, ya Bangweulu na ya Luapula yote, inapita kwanza kwenye mabwawa na kufika pole pole. Kwa hiyo ziwa linakuwa chini kabisa mwezi wa kwanza, wakati sisi tunalowa, na linakuwa juu kabisa mwezi wa tano, wakati sisi tunaanika nguo. Tofauti ni zaidi ya mita moja na nusu. Kwenye mji uliokaa karibu na ufuko, visima na mashimo ya vyoo hufuata mwendo huo. Kila mvuvi anajua jambo hili, na aliyechora choo kile hakumuuliza hata mmoja.

Tulikwenda na kamba yenye jiwe kwenye visima vitatu vilivyo karibu na shule, tukapima maji yako mbali kiasi gani kutoka juu. Fundi masoni wa pale aliandika namba kwenye mlango wa nyumba yake kwa mkaa, apate kuzikumbuka. Kanuni inayojulikana ni kwamba chini ya shimo la choo na juu ya maji ya ardhini panapashwa kubaki angalau mita moja na nusu, na choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisima, tena upande wa chini wa mteremko. Ukichukua namba za mwezi wa tano na kuondoa mita moja na nusu, shimo linalobaki kwenye kiwanja kile ni fupi mno, fupi kuliko mtoto wa darasa la pili. Huwezi kuchimba shimo refu Kilwa. Inapashwa kujenga juu.

Ndiyo maana mpango wetu umegeuka. Tuliondoka Lubumbashi na wazo la kutengeneza choo cha zamani: kuziba nyufa, kuweka milango, kupaka chokaa. Sasa tunasema choo cha kuinuliwa: sehemu ya shimo ndani ya ardhi, sehemu nyingine juu, kuta za matofali zenye plasta ya simenti, udongo umeshindiliwa pembeni, na ngazi tatu za kupanda. Kwa watoto wadogo na mtoto mwenye mguu mbaya (yuko mmoja darasa la tatu, tulimwona) tunaweka njia ya mteremko na chuma cha kushikilia kwa chumba kimoja cha kila upande.

Mashimo yatakuwa mawili kwa kila safu, yakitumika kwa zamu. Sababu yake ni rahisi: Kilwa hakuna gari la kunyonya vyoo. Shimo moja likijaa unalifunga, unatumia la pili, na lile la kwanza linakaa mwaka mmoja au miwili mpaka uchafu unakuwa udongo mtu anaoweza kuuchota kwa paulo bila kuugua. Choo cha shimo moja katika shule yenye watoto wengi ni choo cha miaka michache. Kisha kinageuka kuwa ukumbusho, kama kile cha maneno ya buluu.

Juu ya harufu na inzi, wengi mlisema tununue dawa. Bomba linatosha. Zimbabwe, miaka ya 1970, watafiti wa maabara ya Blair walitengeneza choo ambacho bomba refu linatoka shimoni na kupita juu ya manjanja. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa ya shimo, na jua likipiga bomba la rangi nyeusi linavuta zaidi. Ndani ya chumba panabaki giza giza, kwa hiyo inzi aliye shimoni anaona mwanga wa juu ya bomba peke yake, anapanda, anakutana na wavu, anafia hapo. Wavu ukitoboka, kazi yote imekwisha, kwa hiyo usiwe wa chuma cha kushika kutu. Na tafadhali, si chandarua cha mbu: jua linakimaliza kwa miezi.

Sasa tusimulie siku ya pili, kwa maana ndiyo tunayoizungumzia zaidi tangu turudi.

Komite ya wazazi ilikuwa imetuandalia mkutano chini ya mwembe. Walikuja baba tisa na mama wawili, na mmoja wa mama hao alikuja na viti. Baba walisema vizuri, hatuwezi kuwasingizia. Walitaka milango minane, rangi ya kijani, na jina la ushirika wetu ukutani. Tuliwashukuru. Kisha tukamwomba Mama Mwalimu wa darasa la sita atukusanyie wasichana wakubwa ndani ya darasa, mlango umefungwa, baba wote nje, na Direkta, ambaye ni mtu wa heshima, akaenda mwenyewe kukaa mbali chini ya mti ili watoto wasione aibu.

Kwa nusu saa hawakusema kitu. Mwenzetu mmoja, yaya yetu mkubwa kwa umri, akaanza kuwasimulia jinsi alivyokuwa akifanya yeye wakati wake, kwa kitambaa na kamba, na alivyojificha kwa shangazi yake siku nne kila mwezi. Walicheka. Baada ya kicheko maneno yakatoka. Hawakutaja rangi. Hawakutaja hata idadi ya milango. Walitaka ndoano ya kufungia kwa ndani, iliyo chini vya kutosha ili mfupi aifikie. Walitaka maji ndani ya chumba, si nje, kwa sababu kubeba kopo la maji kutoka uwanjani hadi chooni mbele ya wavulana ni kutangaza kwamba uko katika siku zako. Walitaka mahali pa kutupa, penye kifuniko. Na walitaka mlango usitazame uwanja wa mpira. Mmoja, mdogo mdogo, akaongeza kwamba wasichana peke yao ndio wanaotumwa kufagia vyoo, hata vya wavulana, na akauliza kama ushirika wetu unaweza kusema neno juu ya jambo hilo.

Tulisema neno. Tuliwaambia komite kwamba ratiba ya usafi itaandikwa na kubandikwa, wavulana na wasichana kwa zamu, na mtu mzima mmoja atalipwa kidogo kila mwezi kwa kazi nzito. Baba mmoja alisema mvulana hafagii. Mama aliyekuja na viti akamjibu, “Baba, mvulana anakula?” Watu wakacheka, na jambo likapita. Kama litadumu tutaliona mwezi wa tisa.

Kwa habari ya hesabu: Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, lilitoa mwaka 2009 kipimo cha shule, choo kimoja kwa wasichana 25, na kwa wavulana choo kimoja pamoja na sehemu moja ya kukojolea kwa kila 50. Shule yenye wasichana 300 ingehitaji basi vyumba 12 kwa ajili yao peke yao. Tusidanganyane, wamama, pesa zetu hazifiki hapo. Mpango tuliokubaliana ni vyumba sita vya wasichana, kimoja kikiwa kikubwa zaidi chenye maji, kioo kidogo na pipa la kifuniko. Vitatu vya wavulana na ukuta wa kukojolea, ambao ni rahisi kujenga na unapunguza msongamano sana. Na kimoja cha walimu wanawake. Ndoano zimeandikwa kwenye orodha ya vifaa mbele ya rangi. Jina la ushirika halimo.

Kuna waliouliza kwa nini twende Kilwa wakati Lubumbashi vilevile watoto wanateseka. Ni swali la haki. Jibu letu ni kipindupindu. Zoni ya afya ya Kilwa, kama Pweto na Kasenga, ni mojawapo ya pande za nchi ambako ugonjwa huu haungojei ajali: unarudi, unalala, unarudi tena. Watu wanakunywa ziwa, wanaoga ziwani, wavuvi wanahama kambi hadi kambi na kulala mahali pasipo choo hata kimoja. Kisha samaki wanapanda lori kuja kwetu, na watu vilevile. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya alituonyesha chumba wanachokitenga kila ugonjwa unapoingia, vitanda vyake vyenye tundu katikati, ndoo chini. Siku ile kilikuwa kitupu na kimeoshwa. Alisema kwamba kati ya mambo yote anayoyahitaji, anatamani zaidi mtoto anayetoka chooni anawe kwa sabuni, na kama hakuna sabuni, kwa majivu. Kwa faida ya wote tunarudia pia mchanganyiko wa maji kwa mtu anayeharisha, wakati mnampeleka kituoni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko kisawazishwe, si cha kurundika.

Basi kunawa mikono kumepewa nafasi yake katika mpango: mapipa mawili yenye robine kati ya vyoo na madarasa, mahali ambapo mwalimu anaona nani amepita bila kunawa. Maji yatatoka wapi? Hili ndilo linalotupa wasiwasi kuliko yote. Tulizungumza juu ya kukusanya maji ya mvua kutoka kwenye manjanja ya madarasa, na tangi moja limo ndani ya mpango. Lakini kuanzia mwezi wa sita tangi linakuwa na mbu tu, na shule inafungwa mwezi wa saba, kwa hiyo pengo ni la majuma kadhaa, pamoja na mwezi wa tisa na wa kumi kabla ya mvua. Kwa miezi hiyo wamama wa mtaa wamekubali zamu ya mabido kutoka kisima cha juu, na dawa ya klorini itatoka kituo cha afya. Tunaamini zamu ya mwezi wa tisa. Ya mwezi wa kumi, wakati kila mtu yuko shambani, tunaomba Mungu.

Kuhusu pesa. Tangu Septemba 2019 shule ya primari ya serikali ni bure, na wazazi wa Kilwa wanalishikilia neno hilo kwa mikono miwili. Mkisema “mchango wa choo” wanasikia minervali imerudi kwa jina lingine. Kwa hiyo hakuna mtoto atakayeombwa franka. Wazazi wanatoa salongo: mchanga, mawe, maji ya ujenzi, matofali ambayo baba wawili wamekwisha kuanza kuchoma. Sisi tunatoa simenti, mabomba, manjanja, vyuma, na mshahara wa fundi. Simenti ni ghali mara mbili kwa ajili ya barabara, na tulifikiri kuipitisha kwa mashua kutoka Kasenga kwenye Luapula, lakini waliojaribu walituambia mifuko inafika migumu kama mawe. Itapanda lori, na mwenzetu mmoja atakaa juu yake.

Muda uliobaki ni huu. Likizo kubwa ni mwezi wa saba na wa nane, pakavu, shule tupu, mafundi wako. Ziwa wakati huo linaanza kushuka, na fundi anapashwa kufuata namba za mkaa za mwezi wa tano, si maji atakayoyakuta siku hiyo. Tumeliandika kwenye mkataba. Choo cha maneno ya buluu hakitabomolewa: sakafu yake ni nzima, kuta zake ni nzuri, tutakigeuza kuwa chumba cha kunawia cha wasichana, shimo likijazwa mawe na mchanga. Komite imekubali.

Kinachokosekana mpaka leo ni mifuko 14 ya simenti, bomba mbili za kutoa hewa, na ndoano 10. Wavu wa inzi tumekwisha kuupata kwenye soko la Kenya, mita sita, mama aliyetuuzia alipunguza bei aliposikia ni wa nini. Lori linaondoka juma la kwanza la mwezi wa saba. Anayeweza kutoa ndoano, azilete kwa mtunza sanduku, lakini ziwe za chuma kizito, na skurubu zake.